Msomaji Asiye na Picha

Nalala. Sikukusudia, ila aibu sioni, maana ni saa saba mchana, nimeshiba makande, na chumba cha seva ndicho mahali pekee penye baridi ya maana katika jengo zima la mamlaka yetu ya maji. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la mashine, kompyuta mapajani, natazama mstari ambao tangu asubuhi unasema asilimia sifuri, na sifuri ukiitazama sana nayo huanza kukutazama, kope zinashuka, zinapanda, zinashuka, na kabati nililoliegemea linafunguka kwa nyuma, taratibu, kama mlango wa jikoni kwa mgeni aliyezoeleka. Naanguka chali wala siumii. Nainuka, niko barabarani.

Ni barabara nyeupe isiyo na mwanzo. Nikigeuka nyuma naona inaanzia kwenye visigino vyangu, nikipiga hatua inaanza upya. Natembea na shida yangu, maana hata huku imenifuata. Mama Nakijwa, mtunza masjala wetu, amebakiza miezi miwili astaafu. Miaka mitatu amekaa mbele ya skana akiingiza mafaili ya karatasi kwenye mfumo wa ofisi, ule tunaotunzia nyaraka na kuandikiana, mafaili elfu kumi na moja, ramani za mabomba, barua za vijiji vilivyotoa chemchemi zao, na karatasi zenyewe zimeshateketezwa kwa kibali. Tangu Jumatatu, ukitafuta chochote kile, mfumo unajibu hakuna kilichopatikana. Leo saa tisa mama huyu anaitwa mbele ya kamati, na Bwana Mhina wa utawala ameshatangaza kwenye korido kwamba miaka yote mitatu alikuwa anaskani hewa. Na mimi, fundi wa mfumo huo, ambaye ofisi nzima inaniita Aitii kana kwamba mama yangu hakunipa jina la Senkondo, nimeongeza chumvi kwenye kidonda: jana, kwa ujuaji wangu, nimefuta faharasa, ile orodha ambayo mashine hujiandikia ili ijue neno gani limo kwenye faili gani, nikidhani itajiandika upya, safi kabisa. Haijaandika hata neno moja. Diski imejaa, lakini imejaa nini haisemi, kwa sababu hata ukurasa wa masjala huchota orodha yake humohumo kwenye faharasa. Nilitaka kuziba ufa, nimebomoa ukuta.

Barabara inakuwa mji. Sioni inapogeukia, naona tu kwamba sasa kuna nyumba, na kila nyumba inatazamana na nyingine iliyo sawa nayo, ufa uleule ukutani, pazia lilelile lililochanika, kuku yuleyule anadonoa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Na ng'ambo ya njia anatembea mtu mwenye shati langu, ananitupia jicho la mtu ninayemchelewesha. Vibao vya milangoni havina maandishi. Katikati ya njia amesimama Mama Nakijwa, khanga begani, miwani inaning'inia kifuani, na anaita, Chemchemi ya juu! Bomba la inchi sita! Barua ya wazee wa kata! Anaita kama mtu anayeita kuku jioni, na nyumba zimenyamaza, ingawa nyuma ya mapazia naona karatasi zinajisogeza. Shikamoo mama, nasema. Marahaba mwanangu. Wamo humu, nawasikia wanapumua, ila hawajui kama ni wao ninaowaita. Roho inaniuma, nataka kumwambia ni mimi niliyefuta, badala yake natazama kando.

Kando yangu pamesimama mtu. Amevaa kitambulisho shingoni, na mahali pa picha pana kile kichwa cha kijivu kisicho na macho wala mdomo, na juu ya mabega yake pana kichwa hichohicho. Simwogopi, mimi naona vichwa vya namna hiyo kila siku kwenye mfumo, vya watu waliopuuza kuweka picha, ananikera tu. Wewe nani? Kitendawili, anasema, na sijui anasemea wapi. Tega. Nimesoma barua zote za mji huu, na hakuna hata moja niliyoandikiwa. Tarishi, nasema bila kufikiri. Siye, nipe mji. Nampa Mombo, maana niliwahi kuuziwa machungwa mabovu pale, na papo hapo nyuma yangu kitu kinakunjwa kama mkeka, barabara inakuwa fupi kwa kiasi cha Mombo. Anasema, mji wako nimekaa, twende.

Tunakwenda nyumba hadi nyumba. Kila mlango una mlinzi kwenye kiti cha plastiki, na kila mlinzi ana daftari. Mwenzangu anabisha hodi, mlinzi anapitisha kidole juu hadi chini, anasema jina lako halimo. Nilikuwemo, anasema mwenzangu kwa upole. Halimo, na kama halimo, humu ndani hakuna kitu. Namtazama mlinzi, natazama dirisha, karatasi zimejaa mpaka zimebana kioo, naye anasema hakuna kitu bila hata kupepesa. We mzee, mbona unadanganya mchana kweupe? Hadanganyi, ananiambia asiye na uso, asiyeruhusiwa kuona hujibiwa kwamba hakuna. Tunasogea mlango wa pili, mlinzi yuleyule, kiti kilekile, jina halimo, hakuna kitu, na wa tatu, na wa ishirini, na kila tukimaliza mtaa tunajikuta mwanzo wa mtaa uleule, huku sauti ya Mama Nakijwa inakwaruza kwa kuita, Bomba la inchi sita, Bomba la inchi sita. Uvumilivu wangu si mrefu, hata mke wangu anajua. Bwana, nasema, nina mtu anayekwenda kuadhiriwa saa tisa kwa kazi aliyoifanya kwa uaminifu, na wewe unanizungusha kama pia! Hakasiriki. Anangoja hasira yangu iishe, kisha anasema tena, kitendawili. Tega basi, tega. Walinihesabu miaka yote nikifanya kazi. Siku waliyoita majina sikuitika, wakasema sijawahi kuwapo.

Nasimama. Ijumaa iliyopita tulikuwa na uhakiki wa watumishi, sote tumepanga foleni ukumbini na vyeti halisi mkononi, Bwana Mhina ameshika orodha anaita, na mimi nimekaa pembeni na kompyuta, kazi yangu kufuta kwenye mfumo akaunti ya yeyote asiyetokea. Jina moja liliitwa mara tatu. Msomaji! Msomaji! Hana picha, hana namba ya ajira, hana idara, hakuna anayemfahamu. Mtu akapaza sauti, mtumishi hewa huyo, ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikamfuta. Na katika ukumbi ule wote mimi peke yangu ndiye niliyepaswa kujua kwamba Msomaji si mtu, ni akaunti iliyofunguliwa na fundi aliyenitangulia, ambayo mfumo huivaa ili uingie kila folda, usome, uandike faharasa, na ukikosa kuingia huanza kumjibu kila anayetafuta kwamba humo hakuna kitu. Nilimfukuza msomaji, kisha nikateketeza alichokiandika, kisha nikakaa chini na makande yangu tumboni nikingoja aandike tena.

Ni wewe, nasema. Ni wewe uliyeitwa mtumishi hewa. Umetegua, anasema. Nisamehe, ndugu yangu. Kinyongo sina pa kukiweka, anasema, nina kazi. Namshika mkono, ni mkono mwepesi, kama kushika shati lililoanikwa, namvuta hadi kwa mlinzi wa kwanza, au wa mwisho, ni yuleyule. Lete daftari. Nani anamdhamini? Mimi. Wewe nani? Senkondo, nasema, na mlinzi ananikabidhi kalamu iliyofungwa kamba, naandika kwa herufi kubwa, Msomaji, aruhusiwe kuingia kila nyumba, asome, asiguse kitu. Na picha yake? Hana, nasema, na asiulizwe tena. Mlinzi anavuta kiti pembeni. Mlango unafunguka, asiye na uso anainama kama mtu anayeingia kwa wakwe, na kabla sijavuta pumzi mlango wa pili umefunguka, na wa ng'ambo yake, na mtaa mzima, karatasi zinatoka nje zinajipangusa vumbi, kila moja sasa inajua jina lake. Chemchemi ya juu! Abee! Bomba la inchi sita! Naam! Barua ya wazee wa kata! Tupo! Mama Nakijwa anacheka huku machozi yanamtoka, ameinua khanga anafuta miwani badala ya macho, na mimi, nisiyelia ovyo, nimekaa katikati ya njia nalia kwa raha, kifua changu kimekuwa chepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Anaendelea kuita, zinaendelea kuitika, anaita, anaita, mpaka anaita Senkondo, nami naitika naam.

Naam nini, we Senkondo! Mimi nakwenda kuchinjwa, wewe unakoroma? Mama Nakijwa amesimama juu yangu, ananitikisa bega, miwani inaning'inia kifuani. Saa ngapi, mama? Saa nane na nusu. Naruka, narudi kwenye kompyuta, nafungua orodha ya akaunti ili nimrudishe Msomaji, na Msomaji yumo. Amesharudishwa. Kumbukumbu za mfumo zinasema amerudishwa saa saba na dakika hamsini, na Senkondo, ruhusa ya kusoma tu. Na saa saba na dakika hamsini Senkondo alikuwa anagawa Mombo. Mstari unasema asilimia sitini na moja. Sitini na mbili. Tafuta kitu, mama, chochote. Anaandika kwa kidole kimoja, chemchemi, kama mtu anayeonja uji wa moto, na ukurasa unajaa, matokeo mia nne na kumi na mawili, na la kwanza kabisa ni ramani iliyochorwa kwa kalamu ya wino, mhuri umepinda pembeni. Hii niliiskani siku ya kwanza, anasema, mhuri niliupiga mwenyewe, na anaketi sakafuni palepale nilipokuwa nimelala.

Saa tisa anaingia kwa kamati na kompyuta yangu kwapani. Nimesimama korido, nasikia Bwana Mhina anataja faili, mama anatafuta, hili hapa, anataja lingine, hili hapa, anataja la mwaka ambao hata yeye hakuwa ameajiriwa, hili hapa baba, na ukurasa wa pili umetobolewa na panya, kabla yangu. Siwezi kuvumilia, naingia bila hodi, nasema kosa ni langu, Ijumaa nilimfuta Msomaji aliyekuwa akitusomea haya yote, sisi tukamwita hewa. Bwana Mhina ananitazama, anamtazama Mama Nakijwa, anavua miwani. Mama, tumekukosea, anasema, na utastaafu kwa sherehe, hilo niachie mimi. Kisha ananigeukia, huyo Msomaji wako sasa ana namba ya ajira? Kamati inacheka, hata mama anacheka, nami nacheka kuliko wote.

Ila korido, tunapotoka, ni ndefu kuliko nilivyoizoea, na milango yake inatazamana mmoja na mwingine, na nikigeuka nyuma naiona inaanzia kwenye visigino vyangu. Mama, nasema, nifinye. Anasimama. Nikufinye ili iwe nini? Nijue kama nimeamka. Anaitengeneza khanga begani, ananishika mkono kwa mikono yake yote miwili kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Senkondo mwanangu, anasema, huku nimeshasafishwa jina, mimi huko kwingine sijui wananiitaje. Ukithubutu kuamka nakuchapa. Basi natembea naye polepole, sijifinyi, na wala sigusi ukuta, usije ukafunguka.