Sifuri za Mama Martina

Vipimo vya malaria viliniishia mwezi Machi. Zahanati yetu iko juu mlimani, muuguzi ni mimi peke yangu, na kila mwisho wa mwezi najaza fomu ya wagonjwa. Ukiacha kisanduku cha fomu bila namba, Ezekiel, kijana wa takwimu kule mjini, anakurudishia na maneno juu. Basi nikaandika sifuri. Aprili sifuri, Mei sifuri. Sikuwa nimempima hata mtu mmoja.

Juni tukaitwa mkutanoni Morogoro. Ezekiel akaonyesha mchoro ukutani, mstari wa zahanati yangu umelala chini kabisa. "Mama Martina ameimaliza malaria!" Nilipaswa kusema ukweli palepale. Nikapokea cheti, nikapigiwa makofi, nikachekelea kama mjinga. Makofi matamu, jamani. Cheti nikakitundika juu ya kabati la dawa.

Dawa nazo hugawiwa kwa kufuata fomu zilezile. Mgawo wetu ukapelekwa Dumila, kwenye wagonjwa. Nani angeshangaa? Wakubwa wanajua mlimani ni baridi, mbu hakuna. Hawajui kwamba watu wetu hushuka bondeni kulima mpunga, hulala vibandani wiki nzima na kurudi na homa.

Julai, Andrea, mkulima wa hapa kijijini, alitoka bondeni kuvuna na mwanawe Upendo mgongoni, miaka sita, degedege limemshika. Nikafungua kabati. Lilikuwa na panadoli tu. Wakateremka mjini kwa bodaboda, hospitali wakampima: malaria kali. Alifariki jioni ileile.

Fomu ya Julai niliandika kwa herufi kubwa: HATUPIMI TANGU MACHI. Ezekiel akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mfumo haupokei maneno, mama, unataka namba. Na yule mtoto ameshahesabiwa huku alikofia. Kwako niweke sifuri?"

"Una akili wewe? Sifuri maana yake nimepima nikakosa. Mimi sikupima!"

"Lakini mama, zile za nyuma si uliziandika mwenyewe?"

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira naye, na hasira nyingi zaidi nilistahili mimi.

Kesho yake Andrea alikuja kunirudishia kadi ya kliniki ya mtoto. Hakuketi. Alikisoma cheti polepole, neno kwa neno, kisha akanigeukia.

"Mama, hii malaria uliyoimaliza ni ipi?"