Mtoto wa Kunong'ona

Siku walipopangishwa banda la gari nyuma ya nyumba ya Bi Chela, huko ugenini katika mji wa Oxnard, Zenaida alipewa sharti moja.

"Mtoto awepo, sina neno," alisema Bi Chela. "Ila sauti yake nisiisikie. Mzee wangu anafanya kazi usiku, mchana analala hapo hapo, upande wa pili wa ukuta. Umenielewa, binti yangu?"

Zenaida alielewa. Wenye nyumba wengine walikuwa wakimwona tu binti yake Marisel mgongoni, wanafunga mlango. Basi akamfundisha mwanawe kunong'ona kabla hajajua kusema vizuri. Mtoto akijikwaa, mama alimziba mdomo kwanza, akamnong'oneza, "Babu amelala," ndipo akatazama goti. Akitaka kukimbia, alirudishwa kitandani, maana kati ya kitanda na jiko hapakuwa na pa kukimbilia. Fortino, mumewe, alishinda mashambani akichuma stroberi, na jioni alirudi mgongo hauwezi hata kumbeba binti yake.

Mama yake Zenaida, kule kwao milimani Oaxaca, alifurahi kwenye simu. "Mtoto mtulivu ndiye aliyelelewa. Hata wewe hakuna aliyekufundisha kusema. Ulisikiliza weee, mwisho ukasema mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Lakini Zenaida alisikilizia uani, penye mashangazi, binamu, batamzinga na wanawake wakisaga mahindi huku wakichekana. Marisel alikuwa na friji tu la kusikiliza.

Jumapili moja Zenaida alikuwa akianika nguo nyuma ya banda. Aliporudi ndani, kitanda kilikuwa kitupu.

"Marisel," aliita kwa mnong'ono. Akainama chini ya kitanda. Akafungua kabati. "Marisel, mwanangu." Geti la barabarani lilikuwa wazi, na magari yalikuwa yakipita kwa kasi. Akakimbia mpaka kona, akarudi, na bado sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. Mpaka Fortino alipotoka bafuni na kumuuliza, "Unamtafuta nani?" ndipo kitu kilipokatika kifuani mwake.

"Marisel! Mariseeel!"

Mtaa mzima ulisikia. Bi Chela akatoka na aproni ya jikoni kiunoni, mumewe nyuma yake, macho mekundu kwa usingizi. Hakuna aliyeuliza habari ya kelele. Bi Chela alishika barabara, mzee akaanza kupekua uani. Ni yeye aliyesikia kitu kikikwaruza nyuma ya mashine ya kufulia.

Waliivuta mashine, yeye na Fortino. Marisel alikuwa amebanwa kati ya mashine na ukuta, mguu mmoja umenasa kwenye bomba, ngozi imechubuka. Uso ulikuwa umelowa machozi. Mdomo aliufumba kwa viganja vyake viwili.

"Maskini!" Bi Chela alisema. "Tumepita hapa mara ngapi? Mbona hakulia?"

Zenaida alimkumbatia mtoto, akamuuliza kwa Kimixteko, lugha ya kwao, "Ulinisikia nikikuita?"

Marisel akatikisa kichwa kukubali. Akamsogelea sikioni. "Babu amelala," alinong'ona.

Bi Chela hakujua lugha ile, na Zenaida hakumtafsiria.

Jioni ile Bi Chela aliwaletea sufuria ya mchuzi wa mahindi. Zenaida akajipa moyo. "Bi Chela, hata saa moja tu mchana, acheze uani kama watoto wengine..."

"Namhurumia, mwanangu. Lakini mzee akisinzia kazini, atafukuzwa, na sisi tutakula nini?" Akaipanguza mikono yake, ingawa haikuwa na maji. "Mkipata kwingine, sitawazuia."

Walitafuta kwingine. Kila walikopiga simu, swali la kwanza lilikuwa lile lile: mna watoto? Fortino akaacha kupiga.

"Tutaondoka vipi, Zena? Twende wapi?"

Tangu siku hiyo, Fortino akirudi tu na gari, Zenaida humchukua Marisel, wakaenda kuliegesha kandokando ya shamba, vioo wamefunga. Humo ndani Zenaida husema kwa sauti yote aliyonayo. Humweleza habari za bibi yake, za batamzinga aliyemdonoa binamu Eleuterio makalioni. Humwiga batamzinga. Wachumaji wanaopita na ndoo humtazama kama mwendawazimu.

Marisel humsikiliza, macho yamemtoka. Juzi, mama alipofika pale batamzinga anapolia, mtoto aligeuka kutazama nyuma kupitia kioo, akanyoosha mkono, akamwekea mama kidole mdomoni.

"Mama, tutafukuzwa."

Zenaida akakitoa kile kidole taratibu, akakishika. Kisha akaianza hadithi upya, kwa sauti kubwa zaidi.