Aliyemkimbiza Mwalimu

Kwanza ilisikika sauti kama ya tairi linalotoa upepo. Kitwana alikuwa amebeba grili begani, akienda kuifunga kwenye dirisha la ofisi ya walimu, akageuka kuiangalia pikipiki aliyoazima. Tairi zote mbili zilikuwa nzima. Sauti ikaja tena, ndefu zaidi, na safari hii akajua inatoka darasa la kwanza.

Alichungulia. Vilikuwa vinywa vya watoto. Darasa karibu zima lilikuwa limegeukia dawati moja, vidole midomoni, likisema "ssss" kwa pumzi moja. Mwenye dawati lile alikuwa Maua, mtoto wa dada yake. Alikuwa amesimama kujibu swali, mdomo wazi. Akaufunga, akakaa. Mwalimu Halidi, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akamwelekezea chaki mtoto mwingine, somo likaendelea.

Jioni Kitwana alimkuta Maua nyumbani, uani, akimsaidia mama yake kuchambua mchele. Huyu ndiye mtoto ambaye pale Misugusugu nzima walimwita Redio. Alikuwa akiongea akila, akiongea akioga, akiongea usingizini. Siku hizi alijibu kwa kichwa.

"Kwa nini wanakuzomea?"

Maua aliendelea kutoa mawe. "Nimemkimbiza Mwalimu Mwanakheri."

"Nani kasema?"

"Mwalimu mpya alisema amekimbia kelele zetu. Firdausi akasema tutafute mwenye kelele. Tukapiga kura."

"Mkapiga kura."

"Kwa mikono."

"Na wewe ulinyoosha?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ulimpigia nani?"

"Mimi," alisema Maua. "Wote walikuwa wamenyoosha."

Kitwana hakuwa mtu wa kupoozwa hasira na usingizi. Aliiamkia ikiwa bado ya moto. Asubuhi alimsubiri Mwalimu Halidi langoni.

"Mwalimu, uliwaambia watoto yule mama amewakimbia?"

Halidi hakukana. "Siku ya kwanza naingia, darasa zima linalia. Nasema fungueni daftari, wanalia. Nasema tuimbe, wanalia zaidi. Hakuna aliyewaandaa, kaka. Mwalimu wao aliondoka Ijumaa wakiwa wameshakwenda nyumbani, mkuu ndivyo alivyotaka, eti wasipomwona akiondoka hawataumia. Jumatatu wakanikuta mimi. Basi nikawaambia, mwalimu wenu amechoka na kelele. Wakanyamaza hapo hapo. Mkuu alikuja kunipa mkono."

"Sasa wamempata mwenye kosa. Ni mtoto wetu. Ingia uwaambie ulisema uongo."

"Nikiwaambia mimi ni mwongo, kesho nitawafundisha nini?" Halidi alicheka kidogo. "Nina watoto tisini mle ndani. Wewe una madirisha. Dirisha likikulilia uniite nije kulibembeleza."

Walinzi wawili wa lango walicheka. Kitwana alikuwa na jibu, tena kali, lakini aliona Maua amesimama nyuma yake na begi lake, akiwatazama, kidole mdomoni. Alikuwa akimnyamazisha mjomba wake.

Ndipo akaamua. Kama huyu hataki kusema, atasema mwenyewe aliyeondoka.

Jumamosi yeye na Maua walipita Mlandizi kwa pikipiki, wakaiacha lami, wakakata njia ya vumbi kuingia Kisarawe. Maua alikaa mbele, juu ya tangi, amevaa sare ya shule. Hamisa, mama yake, alimwambia avae gauni la sikukuu, akakataa. Walipoanza kuona mikorosho ya Kibuta aliuliza neno lake la kwanza la safari: "Mjomba, nikimwomba radhi atarudi?"

"Huombi radhi. Unamuuliza tu. Halafu Jumatatu unawaambia wenzako alivyosema. Kwa sauti. Umesikia?"

Mwalimu Mwanakheri alikuwa kwenye kivuli cha nyumba ya wakwe zake akimenya mihogo, watoto wa jirani wamemzunguka, mmoja amemlalia mgongoni. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na furaha, na Kitwana, ambaye njia nzima alimchora kichwani akiwa na huzuni, hakujua afanye nini na furaha ile.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Maua.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Wewe ni wa nani?"

Maua alimtazama. "Maua."

"Maua yupi?"

"Wa Misugusugu. Darasa la kwanza."

"Ohoo, Misugusugu." Mwalimu alifuta mikono kwenye kanga. "Mle nilikuwa na Maua watatu. Wewe ni yule wa duka la dawa?"

"Mimi ni yule anayeongea."

"Mwanangu, mlikuwa mnaongea wote."

"Ulinihamishia dawati la mbele."

"Niliwahamisha wengi."

"Nilimwaga uji kwenye gauni lako. La kijani. Ukaniambia Maua utaniua."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akajitahidi kweli kweli, kila mtu aliona anajitahidi. Kisha akatabasamu kwa huruma. "Basi nisamehe, mama. Uso nausahau. Watoto ni wengi."

Kitwana aliingilia kati, sauti imempanda. "Mwalimu, shuleni wamemwambia wewe uliondoka kwa ajili ya kelele zake. Mtoto hasemi tena. Tumekuja utamke tu kwamba si yeye."

"Jamani. Nimehama kumfuata mume wangu. Niliomba uhamisho tangu mwaka juzi." Akamgeukia Maua, akamshika kidevu. "Nitakukimbiaje, na mimi hata sikukumbuki?"

Alikusudia kumfariji. Watoto wa jirani walicheka. Maua aliutoa uso wake taratibu kwenye mkono wa mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu mwalimu mpya aingie, alipaza sauti.

"Ni mimi niliyekukimbiza. Tulipiga kura."

"Si wewe, mwanangu."

"Ni mimi. Nilikuwa napiga kelele kuliko wote."

"Haya, si wewe wala mwingine. Chukua muhogo ule."

Hakuuchukua. Walipofika tena barabarani Kitwana alisema, "Umesikia mwenyewe. Huna kosa." Alirudia maneno yale kila walipopunguza mwendo, na alipoona mtoto hatikisi hata kichwa, alidhani ni uchovu.

Jumatatu alimpeleka shule yeye mwenyewe. Kengele ilikuwa haijalia. Alisimama nje ya dirisha la darasa la kwanza, akijisikia kama mtu aliyemleta shahidi mahakamani. Maua aliingia. Wakaanza kumzomea, naye hakwenda kukaa. Alipanda juu ya dawati.

"Nilikwenda kwa Mwalimu Mwanakheri," alisema. "Kibuta. Nilimwona."

Darasa likatulia.

"Muongo," alisema Firdausi, kiranja wao, msichana mrefu mwenye fimbo ya mwalimu mkononi.

"Amenenepa. Anakaa nyumba yenye mikorosho. Mjomba alinipeleka kwa pikipiki."

"Amesemaje?"

Nje, Kitwana alishika nondo za dirisha. Ile ilikuwa sauti ya Redio, yote, haina hata mkwaruzo. Sema, mwanangu, alisema moyoni.

"Amesema si mimi."

Watoto walitazamana. Firdausi alifikiri, kisha akauliza swali ambalo Kitwana, kwa maneno yake yote, hakuwa amemwandalia mtoto jibu lake.

"Sasa ni nani?"

Maua aliangalia madawati, mstari kwa mstari. Hakuwa na haraka. Macho yake yalipita kwa wakubwa, yakapita kwa wenye kaka zao darasa la saba, yakatua nyuma kabisa, kwa Said, mdogo kuliko wote, ambaye shati lake lilifungwa vifungo kombo na ambaye hajawahi kupigiwa makofi.

"Amesema ni Said."

"Maua," aliita Kitwana.

Hakugeuka.

Said alisimama. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Amenitaja mimi? Ananikumbuka?"

"Anakukumbuka sana," alisema Maua. "Amesema unamchosha."

Wengine walishaanza kusogea mbali na dawati la Said, wakivuta mabegi yao. Kitwana aliita tena, na mkono ukamgusa bega kutoka nyuma. Alikuwa Mwalimu Halidi na chaki zake, akichungulia juu ya bega lake lile darasa lililotulia. "Umeona?" alisema kwa upole. "Wanayamaliza wenyewe."

Ndani, Said alikuwa bado amesimama. "Atarudi?"

"Ukinyamaza," alisema Maua. "Hata ukiulizwa swali. Hata nyumbani. Ahidi."

"Akirudi ataniita jina?"

"Ahidi kwanza."

Said alimtazama Maua pale juu.

"Naahidi, Maua," alisema. "Sisemi tena."