Pumzi Nyuma Yangu

Siku ya kufunga shule, mwalimu wa malezi huwaita wasichana wote kwenye stoo ya vitabu, mmoja mmoja, hata binti wa mwalimu mkuu. Huwauliza jambo moja: "Unaogopa kwenda nyumbani?" Anayekubali hubaki bwenini likizo nzima, na mzazi huambiwa kuna masomo ya ziada. Kwa kuwa wote wameingia, hakuna ajuaye nani kasema nini.

Mimi ni mpishi pale. Mdogo wangu yuko darasa la sita. Alipotoka stoo alikuja jikoni akicheka.

"Nimesema siogopi, dada. Mama kanifuata, kaniletea na gauni. Bibi ananifanyia sherehe."

"Ya nini?"

"Si nimefaulu? Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

Swali la mwalimu halimsaidii aliyedanganywa.

Likizo moja, mimi na dada yetu mkubwa nasi tulishonewa magauni. Asubuhi tukapelekwa kwa ngariba. Mimi nilipona, ila sikurudi tena darasani. Yeye damu haikukata. Tangu hapo, nikiwa peke yangu jikoni, humsikia akipumua nyuma yangu, kwa shida, kama mtu aliyekimbizwa. Sijawahi kumwambia mtu.

Siku hiyo alipumua mchana kweupe, mdogo wangu akiwa amesimama palepale.

Nilitoka na mwiko mkononi, mdogo wangu akinifuata. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, akiagana na mwalimu wa malezi. Mimi nimezoea kuongea na masufuria kuliko watu. Sauti ilitoka kidogo tu.

"Mwalimu, asiende."

Mama akacheka. "Msamehe, mwalimu. Huyu moshi umempanda kichwani."

"Watamkeketa kama walivyotukeketa sisi."

"Sisi nani? Mbona uko peke yako?"

"Sikiliza, mama."

Mama akatega sikio. Kisha akageuka nyuma polepole. Hapakuwa na mtu.

"Unamsikia tangu lini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Tangu tulipomzika."

"Nami nikidhani ni mimi tu."

Mwalimu hakuwa amesikia chochote zaidi ya maneno yetu, lakini hayo yalimtosha. Alimshika mdogo wangu mkono akampeleka bwenini. Mama hakumzuia. Alisogea mwisho wa benchi, kama anayempisha mtu akae.