Bluzi Bila Spika Gudele

Wacha nikuambie ukweli: mimi Jerioth si mtu wa kusifu watu ovyo. Nimeendesha mitambo ya sauti Nairobi, nikahamia Juba kufanya kazi hiyohiyo hotelini, na wanamuziki wamenichosha roho vya kutosha. Lakini Mzee Duku, huyo namvulia kofia.

Yeye ndiye aliyeanzisha tamasha la bluzi hapa Gudele, mtaa wa Juba, aliporudi kutoka uhamishoni Uganda na gitaa lake moja. Mwaka wa kwanza watu walikuja na Biblia mkononi wakidhani ni mkutano wa injili, na walipogundua sivyo, hakuna aliyeondoka! Umeme alipewa na jirani yake Lino, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka ule wa risasi, mji ulipokimbiwa, Duku alipiga ndani ya nyumba, wasikilizaji wakiwa Lino na mkewe Poni, basi. Akasema huo nao ni mwaka, uhesabiwe. Baadaye tajiri mmoja akataka kuzungusha mabati uwanjani ili watu walipe mlangoni. Duku alimcheka usoni.

"Huzuni iko ya watu wote," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Wewe nataka uzia wao kitu yao?"

Tamasha likabaki bure. Katika mji huu mambo mangapi yameanza yakafia njiani? Hili halikukosa hata mwaka mmoja, na mzee alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichonacho.

Sasa mwaka huu, asubuhi ya tamasha lenyewe, Lino akafariki. Presha, ghafla tu.

Hapa Juba kukiwa na bika, yaani watu wamekaa matanga, jirani hawashi hata redio, sembuse spika kubwa kama kabati. Na uwanja wetu umepakana na ua wa Lino. Mitambo nilikuwa nimeshaipanga. Wanamuziki walikuwa wamefika kutoka Kampala, na watu walikuwa wanamiminika kutoka mitaa ya Konyo Konyo na hata Lemon Gaba. Nikamwuliza Duku tufanyeje. Alikuwa anabeba viti vya tamasha kuvipeleka kwa wafiwa. Akarudi, akachukua hema. Akarudi tena, akachukua jenereta!

Hapo nikawaka. "Mzee, jenereta pia? Miaka yote hiyo uitupe leo hivihivi?"

"Malesh, samahani dada," akasema, macho mekundu. "Tamasha mimi naweza kosa. Lino mimi hapana weza kosa."

Jameni! Nilimwonea uchungu na bado nilikuwa nimemkasirikia. Nikazima kila kitu, nikamfuata.

Nilidhani watu watalalamika na kwenda zao. Thubutu! Waliposikia kuna msiba waliingia kwa Lino kimyakimya, wakatoa pole, wakakaa chini. Ua ukajaa, wengine wakakaa barabarani. Poni alikuwa amezungukwa na wanawake, anaimba wimbo wa kilio kwa Kibari, sauti imekwaruza kwa kulia. Duku alikaa na wanaume, gitaa bado liko ndani ya begi lake, na vidole vyake havikutulia.

Mwishowe akainuka, akachuchumaa mbele ya Poni, akaomba ruhusa ya kumsindikiza polepole, kwa gitaa tupu bila spika. Poni akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Duku akaanza, taratibu sana, akifuata sauti ya Poni inakokwenda. Wale wa Kampala wakasogea mmoja mmoja na kuingia na ala zao chini ya gitaa lake. Nimesikiliza bluzi kazini miaka mingi, lakini haki ya nani, sikuwahi kusikia kama ile. Nililia, sitakudanganya.

Kisha Poni akanyamaza, akainua mkono. Gitaa likakoma. Nikasema moyoni, kwisha, tumemkosea mfiwa.

"Duku," alisema, "kwa nini nyinyi napiga na woga?"

Poni akageuka, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona.

"Wewe wa mitambo, kwenda washa spika. Weka sauti juu kabisa. Lino iko mbali sasa."