Machela ya Mwanne

Tulikuwa tumeshavuka mtaa wa pili wa Buyenzi, machela mabegani, Hamimu akaanza tena.

"Mutu ana miguu mizima, tunamubeba ya nini? Machela ni ya mwenye kuumwa."

Yahaya, kaka yake, hakugeuka. Yeye mbele, mimi nyuma, Hamimu pembeni akingoja zamu. Juu amelala Mwanne, mke wa Yahaya, amefungwa vitenge kifuani na magotini, maana asubuhi ile tulimvuta mara mbili kutoka mdomoni mwa kisima. Siku tisa alikuwa hajalala. Hospitali ya wagonjwa wa kichwa iko kaskazini, na siku hiyo mji ulikuwa umekufa: ni vita, vijana wamefunga barabara, hakuna teksi. Mimi nilikuwa mpangaji wao tu, mtu wa kupita, nimetoka Kalemie, nimetoka Kigoma. Majirani waliozoea kubebeana wagonjwa wa malaria walifunga milango. Mashetani yake yatawarukia wabebaji, walisema. Hamimu mwenyewe alikuja kwa kutukanwa na mama yake.

"Ukichoka rudi," nikamwambia. "Mdomo wako unanilemea kuliko shemeji yako."

Kabla ya kuingia mtaa wa Ngagara kulikuwa na magogo na matairi. Kijana mwenye bunduki na kandambili, wenzake wakimwita Léonce, akatusimamisha.

"Weka chini. Amepigwa risasi wapi?"

"Apana, chef," Yahaya akajibu. "Ni bibi yangu, anaumwa kichwa."

"Kichwa kinafungwa magoti?" Akafunua shuka kwa bunduki, akatafuta damu, hakuna. "Munaficha nini? Mufungue, atembee."

Nikamwambia akifunguliwa atakimbia.

"Akikimbia tunapiga."

Mwanne akainua kichwa. Akamtazama yule kijana.

"Piga, mwanangu. Nisaidie. Hawa wananikataza."

Wenzake wakacheka. Léonce hakucheka. Niliona amekasirika, kama mtu aliyeamrishwa mbele ya watu.

"We mama unanituma mimi? Hapa mutu haombi kufa. Tunaamua sisi." Akaupiga teke mti wa machela. "Muondoe. Mupeleke kwa daktari. Akirudi kuniomba tena, nitapiga nyinyi watatu, yeye nitamuacha."

Tukanyanyua. Hamimu akanipokea mti bila kuambiwa.

Hospitalini muuguzi Marguerite alitutazama kama wezi. "Siku tisa. Kwanza mulikwenda kwa mganga, si ndiyo?" Ilikuwa kweli. Alitutukana huku anachoma sindano, hakungoja karatasi wala malipo. Mwanne alilala kabla matusi hayajaisha.

Alikaa kule miezi miwili, akarudi Buyenzi na dawa zake. Anashona mpaka leo. Léonce aliuawa mwaka huohuo, palepale kwenye magogo. Hamimu alivuka kwenda Uvira, hakurudi. Yahaya alikufa kwa malaria mwaka tisini na nane; majirani walimbeba. Marguerite sikusikia habari zake. Mimi nilihama mwezi uliofuata safari ile; haya mengine niliyasikia kwa wapitaji.