Kitanzi Kilichobaki

"Mshike kichwa, Selby, na usimwonee huruma. Ukimwonea huruma anajua, halafu anaanza kulia."

Drusilla alikuwa amepiga magoti sakafuni jikoni, beseni la maji ya chumvi ubavuni, mikono ya sweta ameikunja hadi kwenye viwiko. Selby akamshika mbwa kichwa. Kumtazama hakumtazama, lakini sababu haikuwa ile aliyopewa. Siku nne sasa hajathubutu kukutana macho na Bosun.

Bosun alikuwa mbwa mweusi, mkubwa, mvi zimeanza kumwota mdomoni. Shingoni alivishwa ndoo nyeupe iliyokatwa kitako asije akajilamba. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulifungwa kitambaa cha shuka kuukuu, juu ya kitambaa soksi ya sufu, na kila alipotolewa nje kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka alivalishwa pia mfuko wa mkate juu ya soksi. Soksi ilikuwa ya marehemu Garland, mume wa Drusilla na kaka mkubwa wa Selby. Drusilla alipoivua, harufu ikapanda. Wote wawili waliisikia.

"Jana haikuwepo hii," alisema Drusilla. Akabonyeza polepole juu ya kidonda, na Bosun akautetemesha mguu wote. "Na uvimbe umepita kifundo. Kidonda cha barafu hakifanyi hivi, shemeji. Nimefunga vidonda vya barafu tangu nikiwa msichana."

Selby akasema labda uchafu uliingia.

Na tuuseme sisi ukweli ambao yeye ulimshinda. Bosun hakukatwa na barafu. Alinaswa na kitanzi cha waya, kitanzi cha kutegea sungura, na kitanzi chenyewe kilikuwa cha Selby.

Garland alikufa Oktoba, moyo ulimsimama akiwa anapasua kuni. Majira ya baridi yalipoingia, Selby alirithi njia ya vitanzi ya kaka yake, ile inayopanda nyuma ya bwawa hadi kwenye misonobari. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyemkataza. Sungura wawili watatu kwa wiki alimletea mjane, naye akawapika na vitunguu na nyama ya chumvi, wakala pamoja. Watu wakamsifu. Leander wa dukani alimtania kuwa kisiwa kizima kinatafuta shemeji wa kuazima.

Ila Garland alikuwa na utaratibu wake. Waya zote alizitoa nyumbani zimening'inia kwenye pete ya chuma, pete iliyokunjwa kutoka kwenye mkono wa ndoo, na msimu ulipofungwa katikati ya Machi alizirudisha kwenye pete ileile. Pete isipojaa, harudi nyumbani. Kwenye kisiwa kile, kuacha kitanzi porini baada ya msimu ni aibu ambayo mtu haisemi hata akiwa amelewa. Selby aliiona pete ile kuwa ushamba wa wazee. Yeye waya alizitia mfukoni. Na siku ya kuzitoa goti lilimuuma, ukungu ukashuka, akasema atamalizia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, hadi Aprili.

Bosun yeye hakujua habari za msimu. Miaka tisa alipanda njia ile kila asubuhi nyuma ya Garland, na Garland alipoondoka aliendelea kupanda peke yake, pua chini, kama mfanyakazi aliyechelewa kazini. Selby alimkuta Jumatatu juu ya bwawa, mguu umo kwenye waya, theluji imechimbika kumzunguka na imeingia damu. Hakuwa anabweka tena. Alipomwona Selby alitikisa mkia.

Mkia huo ndio uliokuwa haumtoki Selby rohoni. Laiti angemng'ata.

Aliikata waya kwa koleo, akambeba mbwa kifuani, na hadi anafika getini uongo ulikuwa umeshaiva. Barafu ya ukingoni mwa bwawa, alisema. Ameteleza, imemkata. Drusilla alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Bila wewe, Selby, ningekuwa nimempoteza na huyu."

Sasa, jeraha la barafu ni jeraha safi, na dawa yake pale kisiwani kila nyumba inaijua. Magome ya misonobari michanga hufanya malengelenge yaliyojaa utomvu. Unayatoboa kwa kisu, unakinga kwenye kifuniko cha chupa, unamimina juu ya jeraha lililooshwa. Utomvu unaganda na kuziba kama mfuniko wa kopo, na chini yake nyama inajiunga. Nani aliyetumwa kuufuata? Selby. Naye akaenda, akatoboa, akakinga. Alijua kwamba barafu hukata na waya hunyonga, na kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Akajiambia nyama ni nyama tu.

Jumanne Drusilla alimpigia simu daktari wa mifugo, ng'ambo. Feri ilikuwa imefungwa gatini, ghuba imejaa mapande ya barafu yaliyosukumwa na upepo, hivyo daktari, mwanamke wa makamo, alitoa maelekezo kwa simu tu: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitambaa safi, kikavu, asijilambe. Habari ya utomvu Drusilla hakumtajia, maana watu wa ng'ambo hawaelewi. Kisha daktari akauliza kama kuna uwezekano kitu kimebaki ndani, mwiba, kioo au waya. Drusilla akageuka kumtazama Selby.

"Barafu tu," alisema Selby.

Uongo wa kwanza ulimtoka kwa hofu, na mtu anaweza kujisamehe uongo wa hofu. Huu wa pili alikuwa na usiku mzima wa kuufikiria.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na Drusilla alikuwa ameinuka kutoka sakafuni akiwa anafuta mikono kwenye aproni. Alisimama mbele ya dirisha. Ghuba ilikuwa nyeupe, imetulia tuli.

"Feri haiji kabla ya Jumatatu," alisema. "Uvimbe ukifika kwenye kiwiko kabla ya giza, nitamwita Leander aje na bunduki. Sitamwacha aoze akiwa hai. Garland hangeniruhusu."

Selby akasema anatoka kuleta kuni. Sanduku la kuni lilikuwa limejaa pomoni, na wote wawili waliliona.

Kibandani kwake kulikuwa na buti moja la zamani ambalo mwenzake lilipotea. Humo ndimo alimoificha ile waya. Aliitoa, akainyoosha kwenye mwanga wa mlango, akachukua waya nyingine mpya akazilinganisha. Vitanzi vyote alivikata kwa kipimo kimoja, urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Vipande vya kile cha Bosun alivipanga kimoja baada ya kingine. Vilipungua. Vilipungua kiasi cha pingili moja ya kidole, na pale palipokosekana hapakukatwa na koleo. Palikatika penyewe, kwa kuvutwa na kusokotwa na mbwa anayetaka kwenda nyumbani.

Wazee walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Selby aliketi juu ya gogo. Alifikiri angeweza kurudi ndani aseme amewaza tu, pengine kuna mwiba, tuangalie. Drusilla angefungua kidonda, angeikuta waya, angedhani ni ya uzio wa zamani. Mbwa angepona na yeye angebaki shemeji bora. Wazo lilikuwa zuri, na lilikuwa uongo wa tatu. Akanyanyuka, vipande vya waya mkononi.

Drusilla alikuwa bado dirishani. Selby aliviweka vipande mezani, kando ya birika la chai.

"Si barafu, Dru."

Drusilla aliangalia waya. Akamwangalia yeye. Akaiangalia waya tena, muda mrefu, na Selby akaona wekundu unapanda shingoni mwake taratibu.

"Ni ya kwetu hii," alisema Drusilla. "Ya njia ya Garland."

"Sikumaliza kuzitoa. Nilisema nitarudi." Akavipanga vipande, akaonyesha pengo kati yake. "Kuna kipande kimebaki ndani. Nimepima."

Alitegemea atukanwe. Alikuwa tayari, tena alikuwa anatamani. Drusilla akavuta droo, akatoa kibano cha kutolea miiba ya samaki, akakitosa kwenye maji yaliyokuwa yanachemka.

"Mlaze ubavu," alisema. "Mshike kwa nguvu."

Utomvu hautoki kwa maji. Aliupaka siagi, akasubiri, akapaka tena, akaumenya kidogo kidogo kwa kucha na manyoya yakafuatana nao. Ulipoachia, usaha ukatoka, mwingi, ukatiririka kwenye taulo. Bosun akapiga yowe moja, ndoo ikagonga sakafu. Selby alimlalia mabegani kwa uzito wake wote na safari hii akamtazama usoni, ndani ya ndoo, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Jicho la mbwa lilikuwa la kahawia, limemkazia yeye. Hakukuwa na lawama humo. Selby akalia, machozi yakadondokea ndani ya ndoo.

Kibano kiliingia mara tatu. Mara ya tatu kilitoka na kitu chembamba, cheusi, kilichopinda. Drusilla akakiweka mezani pale penye pengo, kati ya vipande viwili. Kikaenea.

Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi hadi maji yakatoka meupe. Hakukiziba tena. Alifunga kitambaa kilegevu, soksi ya Garland juu, akafunga fundo mbali na mfupa. Kazi hiyo yote aliifanya bila neno. Alipomaliza alinawa mikono, akajimiminia chai, akaiongeza maziwa ya kopo. Kikombe cha Selby kilikuwa palepale kwenye ndoano yake, na hakukigusa.

"Siku nne," alisema. "Siku nne umekaa kwenye kiti hicho, unakula mkate wangu, na mimi ninakushukuru."

"Ndiyo."

"Angekufa, ungeniambia?"

Selby alifungua mdomo. Jibu la kweli alilijua na jibu zuri alilijua. "Sijui," alisema, "sidhani."

Drusilla akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu kizito ila alichokitarajia. Akaenda nyuma ya mlango, penye koti la Garland ambalo hajaligawa bado, akatungua pete ya chuma kwenye msumari.

"Kesho utakuja wewe kukifungua kidonda. Na keshokutwa. Kila asubuhi mpaka kipone, au kisipone. Na leo unapanda njia yote, mwanzo hadi mwisho."

"Zilizobaki nimeshazitoa, Dru. Jumanne nilipanda nikazitoa. Hakijabaki hata kimoja."

"Ulizihesabu lini?"

Drusilla akamtilia pete mkononi.

Selby alipofungua mlango, Bosun alijaribu kusimama amfuate. Aliyumba kwa miguu mitatu, ndoo ikagonga kizingiti, na Drusilla akamrudisha kwa kumshika mkanda wa shingoni. Selby alikwenda huku anaisikia ile ndoo ikigonga mlango kwa ndani, ko, ko, ko, hadi alipolipita bwawa.

Hakupita kwa miguu kama alivyofanya Jumanne, akitazama huku na huku. Kwenye kichaka cha kwanza alipiga magoti, lile bovu na lile zima, akavua glavu, akaingiza mkono chini ya matawi na kupapasa. Hakuna kitu. Kichaka cha pili, hakuna kitu. Theluji ilimlowesha suruali. Cha tatu, nacho hakuna, na moyo ukaanza kumtulia.

Cha nne, kwenye njia nyembamba kati ya visiki viwili, vidole vyake viligusa waya.

Ilikuwa wazi, duara kamili, imesimama kimo cha mguu wa mbwa. Alama za Bosun, za wiki iliyopita, zilipita pembeni yake kwa upana wa kiganja. Selby aliweka kiganja chake kati ya alama na waya, kikaenea. Kisha akaifungua kwenye mti, akaitia kwenye pete, na ikawa inacheza humo peke yake alipotambaa kwenda kichaka cha tano.